Kutwa nabeba magunia: je, hayo si mazoezi?

Daktari, shikamoo. Nabeba magunia soko la Mgandini, Tanga, tangu alfajiri. Jasho linanitoka kuliko wale wanaokimbia Raskazone jioni. Moyo wangu si ndio imara zaidi?

Marahaba. Hata wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 1953 Jeremy Morris wa Uingereza alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva wao. Lakini utafiti wa Copenhagen wa 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 kwa miaka kama 10, ulikuta kinyume kwa kazi nzito: waliofanya mazoezi baada ya kazi, hatari yao ya kuugua moyo ilipungua, wenye kazi nzito kabisa ikapanda kwa asilimia 35 hivi.

Jasho si jasho tu?

Mtazame mwenzako akijitwisha lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi (imekatazwa, lakini sote tunaiona). Anainama, anabana pumzi, mishipa ya shingo inamtoka. Hapo presha inaruka ghafla. Mkimbiaji anapumua, nusu saa imekwisha, anakwenda zake kuoga. Wewe moyo unakwenda mbio saa nane au kumi, na mwendo hukuuchagua: lori likifika, limefika. Usingizi mfupi, kesho tena. Juu yake joto la Tanga. Maji yakikutoka usiyarudishe, damu hupungua wingi na moyo huongeza mapigo kufidia.

Nami nina swali, daktari: mume wangu anakata mkonge, hajaumwa hata kichwa. Apime presha ya nini?

Kwa sababu presha haiumi, dada. Ikisoma 140/90 au zaidi, siku tofauti, ni ya kupanda hata kama ana nguvu za kung'oa mti.

Basi mimi mbeba magunia niache kazi?

Watoto wale nini? Toa pumzi unaponyanyua, usiibane. Gunia zito mshike wawili. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakukamata. Sigara ya kupumzikia ndiyo inayokumaliza, na ng'onda ule mara mojamoja, chumvi yake nyingi.

Kifua kikinibana kazini?

Tua mzigo, kaa chini. Maumivu yakipanda taya au mkono, na jasho la baridi, usiseme ni gesi. Wenzako wakupakie bajaji mpaka hospitali ya Bombo. Baiskeli yako iache sokoni.