Je, wajua kwa nini mgonjwa wa dengue huzidiwa homa inaposhuka?

Zanzibar malaria imepungua sana, kwa hiyo kipimo chake kikionesha hakuna kitu na mtu bado anaungua kwa homa, huku macho na viungo vinamuuma, ni lazima dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ifikiriwe. Hatari yake kubwa huja baina ya siku ya 3 na ya 7, mara nyingi saa zile zile joto linaposhuka na watu wa nyumbani wakaanza kushukuru.

Protini ya kirusi iitwayo NS1, pamoja na mchafuko wa kinga ya mwili wenyewe, huharibu utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Mishipa huvuja. Kinachotoka ni plazma, yaani maji ya damu, yanayokwenda kujaa tumboni na pembeni mwa mapafu. Damu iliyobaki huwa nzito tena haba, na ini, figo, moyo na ubongo hupungukiwa kwa pamoja. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufa bila tone la damu kuonekana nje.

Presha nayo hudanganya. Ikisoma 100/80, namba ya juu haitishi, lakini tofauti ya namba hizo mbili ikifika 20 au chini yake, huo tayari ni mshtuko wa mwili, yaani damu haivifikii viungo vya kutosha.

Kuvuja hudumu saa 24 hadi 48. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, ufizi kutoka damu, choo cheusi, mikono na miguu ya baridi, kulegea au kuhangaika, kukosa mkojo kwa saa 6: ukiona hata moja, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali, iwe Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee kule Mkoani, au iliyo karibu zaidi.

Asiye na dalili hizo anywe maji ya ORS, dafu na uji mwepesi, kidogo kidogo, mpaka akojoe kila baada ya saa 4 hadi 6. Homa itulizwe kwa parasetamoli tu. Mtoto miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 15 apate 150, na zipite saa 6 kabla ya dozi nyingine. Aspirini, brufeni na ile sindano ya dayklofenaki ambayo wengi huiomba kwa maumivu ya mifupa ziachwe kabisa, kwani huzidisha kutoka damu.

Dripu nayo ina kipimo chake. Kuvuja kukikoma, plazma hurudi mishipani yenyewe, na aliyejazwa maji kupita kiasi huanza kubanwa na pumzi.

Aliyewahi kuugua dengue amwambie daktari mapema. Virusi hivi viko aina 4, na kinga iliyobaki ya aina aliyougua mwanzo huweza kuishika aina nyingine bila kuiua, ikairahisishia kuingia ndani ya seli.