Stesheni ya Sandton si duara la dhahabu

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mteja wa Geita niliyempokea uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg: "Kaka, mimi juu kwa juu. Kwenye maduara ya zama zama sishuki." Yaani mashimo ya wachimbaji haramu wa dhahabu. Tukachukua teksi, tukala foleni, wakati Gautrain, treni ya kasi ya hapa ambayo sehemu ya njia yake iko handakini, ingetufikisha Sandton, eneo la biashara la jiji, kwa takriban dakika 15.

Wengi wanaamini Johannesburg yote imetobolewa na wachimbaji, na treni inapita katikati ya mashimo yao. Kwa mtu wa Geita, hili halisameheki! Ni kweli dhahabu ndiyo iliyozaa jiji hili mwaka 1886. Lakini mkanda wenye dhahabu unapita kusini mwa katikati ya jiji, kutoka mashariki kwenda magharibi, halafu unainama na kuzama kuelekea kusini. Wachimbaji waliufuata huko huko ulikokwenda. Ndiyo maana vile vilima vya njano vya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, unaviona ukielekea Soweto, huvioni Sandton. Sandton iko kaskazini, juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3, ndugu wa yale mawe ya Mwanza. Nani achimbe dhahabu kwenye mawe ya Mwanza?

Chembe ya ukweli ipo, nayo ni maji. Kati ya stesheni za Rosebank na Park (hii ya pili iko katikati ya jiji) maji ya ardhini yalipenya handakini kuliko ilivyotarajiwa, ndiyo maana Park ilifunguliwa Juni 2012 ilhali Rosebank ilianza Agosti 2011. Ila maji kupenya ni jambo moja, handaki kuporomoka ni jingine. Aliyewahi kuwasha pampu kwenye duara sipaswi kumweleza hili. Na hewa isikutishe: handaki lina mashimo ya kuingizia hewa na njia za dharura.

"Si ni treni ile ile ya Metrorail, ile ya kawaida ya abiria wa mjini?" Si ile. Metrorail ina reli yenye upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Gautrain ni 1,435, sawa na SGR yetu, na mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa. Pale Park zote mbili zipo jirani, lakini tiketi ya huku haifungui geti la kule.

"Toka uwanja wa ndege hadi Rosebank ni treni moja." Hapana, unabadili Sandton. Wa Pretoria wanabadili Marlboro.

"Tutatumia kadi moja, mimi na shemeji." Kila abiria na kadi yake, na anaigusisha akiingia na akitoka. Kadi ya benki ya kugusa nayo inakubalika.

Karanga na bigijii mezeni kabla ya geti. Humo hakuliwi, hakunywewi, hakutafunwi.

Mkiwa watatu au wanne kutoka uwanja wa ndege, pigeni hesabu kwanza, maana nauli ya kituo hicho ni kali na teksi inaweza kuwa nafuu. Ukiwa peke yako jioni ya foleni, panda treni, usibishane nami. Ila kama ndege yako inatua saa sita usiku, nipigie: treni hii haikeshi.