Picha ya kuibia si lazima iwe ya kweli zaidi

Wapiga picha wengi wa mitaani wanaamini kwamba sura ya mtu asiyejua anapigwa picha ndiyo ya kweli, na kwamba ukimwomba ruhusa umeshaiharibu. Sikubaliani nao.

Chukua picha ya mama lishe wa Kariakoo iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vitu vya mbali, kutoka ng'ambo ya barabara. Watu walio nyuma yake wanaonekana wamembana, kumbe wako hatua kadhaa kutoka alipo. Umbali aliosimama mpigaji ndio uliowasogeza. Halafu kuna jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa. Paji la uso linatupa kivuli machoni, na watazamaji wanasifu "huzuni ya maisha". Hiyo huzuni ni kivuli tu! Huenda mama alikuwa akihesabu chenji.

Ukimsogelea na kusema, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha," ni kweli atatengeneza kanga na kukaza uso. Ipige hiyo. Kisha agiza chai, kaa kwenye benchi lake. Si muda mrefu atarudi kwenye sufuria zake na kubishana na wateja, nawe uko karibu, kamera ikionekana. Akikataa, kunywa chai yako, lipa, uende.