Koti Hutazamwa Mgongoni

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Tanga, na kila Ijumaa alirudi kutoka msikitini na habari za migongo ya watu. Kanzu ya fulani inavuta begani. Ya mwenziwe mshono wa ubavu umekwenda upande. Yule tajiri wa Barabara ya Nane fundi wake amembania kitambaa. Anayeswali safu ya kwanza, alikuwa akisema, hupata thawabu zaidi, lakini ushonaji huonwa na aliye nyuma. Mola amsamehe, na anisamehe na mimi, kwa kuwa tabia hiyo niliirithi nikasafiri nayo hadi Paris, ambako ninaandika habari za mavazi ya kiume.

Mavazi ya kiume yana majuma yake ya maonyesho huko, Januari na Juni, mbali na yale makubwa ya wanawake yanayofanyika Februari na Machi, kisha Septemba na Oktoba. Sisi tuliozoea Swahili Fashion Week ya Dar es Salaam, ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008 na ambayo wanaume na wanawake hupanda jukwaa moja, hushangaa kwanza kuona siku nzima ikipita bila gauni. Msafara huanzia Florence kwenye Pitti Uomo, ukapita Milan, ukamalizikia Paris. Makoti yanayoonyeshwa Januari ni ya majira ya baridi yajayo, na nguo za Juni ni za kiangazi cha mwaka unaofuata, kwa sababu wenye maduka wanahitaji muda wa kuagiza na viwanda vinahitaji muda wa kushona.

Pitti Uomo, iliyoanza mwaka 1972 na ambayo hufanyika ndani ya ngome ya Fortezza da Basso, kwa hakika ni soko la jumla kuliko jukwaa: vibanda, wauzaji, wanunuzi na vitabu vya oda. Wanaojulikana zaidi mtandaoni, hata hivyo, ni wale tausi wa uani, wanaume waliovaa ili wapigwe picha. Niliwahi kumtazama bwana mmoja akiuvuka ua ule mara tano ndani ya nusu saa, na kila mara alionekana mwenye haraka.

Mwaliko wa onyesho lenyewe huombwa kwa ofisi ya habari ya nyumba ya mitindo, wiki kadhaa kabla, kwa barua fupi inayoeleza unaandika nini na unasomwa na nani. Wengi hawajibu. Wanaojibu humpa mwandishi mdogo nafasi ya kusimama, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoiona nafasi hiyo kuwa dharau. Aliyeketi safu ya kwanza huviona viatu na upindo wa suruali kuliko mtu yeyote ukumbini. Wa safu ya pili na ya tatu huona visogo vya waliowatangulia. Lakini aliyesimama nyuma kabisa huyatazama mabega kutoka juu, na kwa mavazi ya kiume bega ni nusu ya habari.

Onyesho huchelewa, mara nyingi kwa nusu saa, kisha likianza humalizika kwa dakika kumi au kumi na tano. Katika muda huo wanamitindo thelathini, arubaini au zaidi hupita mbele yako, kila mmoja kwa sekunde chache tu, na mwandishi mgeni hukosea anaponyanyua simu. Wapiga picha wamepangwa ngazi kwa ngazi mwishoni mwa jukwaa, wakiwa na kamera ambazo simu yako haiziwezi, na picha zao za mbele zitakuwa mtandaoni kabla hujafika kituo cha treni. Mbele ya koti, basi, tayari ni mali ya kila mtu. Mimi huandika kwa penseli vile ambavyo picha hizo hazivichukui: ubavu, mgongo, na namna nguo inavyotembea.

Ninaanza na kwapa. Kwapa la koti lililokatwa juu, karibu na mwili, humwacha mtu anyanyue mkono na koti likabaki mahali pake; lililokatwa chini hulivuta koti zima, ukosi ukaachana na shingo. Jambo hili halionekani mwanamitindo akiwa amesimama. Huonekana pale mwisho wa jukwaa anapogeuka, mkono ukienda mbele na bega la pili likirudi nyuma, na mara nyingine unaona mkunjo mmoja mrefu ukikata mgongo kutoka kwapa hadi kiunoni. Ninapoona mbunifu amewaambia wanamitindo wake wote watie mikono mifukoni, huingiwa na shaka.

Fundi wa suti hujaribisha kazi yake mbele ya kioo, mteja akiwa ametulia, ilhali jukwaa linaitaka suti hiyo hiyo iende. Ndiyo sababu ninaupa uzito mwaka 1994, Ozwald Boateng, fundi wa suti Mwingereza mwenye asili ya Ghana, alipozipandisha suti zake jukwaani Paris. Mwanga nao una lake. Taa za ukumbini hulifanya koti la samawati iliyokoza lionekane jeusi, kwa hiyo ninayapenda maonyesho ya nje, mfano wa lile la Juni 2018 ambalo mbunifu Virgil Abloh alionyesha mavazi yake ya kwanza ya nyumba ya Louis Vuitton kwenye bustani ya Palais-Royal, juu ya njia ndefu yenye rangi za upinde wa mvua. Chini ya jua sufu haiwezi kujifanya kitu kingine.

Hata hivyo, sihukumu mkao wa nguo kwa nilichokiona jukwaani, kwa kuwa sampuli hushonwa kwa kipimo cha mwanamitindo, kijana mrefu mwembamba asiyefanana na wasomaji wangu wala na mimi. Hukumu huisubiri shorumu, ambako nguo zile zile hutundikwa kwa ajili ya wanunuzi na mwandishi akiomba vizuri huruhusiwa kuzigusa. Hapo huanza kwa kulipindua koti nione bitana. Kisha hubana sehemu ya mbele kwa vidole, chini kidogo ya kifungo cha mwisho, nikatenganisha kitambaa cha nje na cha ndani. Nikihisi tabaka la tatu likiteleza lenyewe katikati, najua kanvasi, kile kitambaa cha katikati kinacholipa koti umbo, imeshonwa. Nisipolihisi, limegandishwa kwa gundi, na pasi ya dobi mmoja mzembe yaweza kulitoa malengelenge kifuani.

Januari moja nilifanya hivyo kwa koti la kijivu lililokuwa limesifiwa mtandaoni usiku kucha. Kifuani halikuwa na tabaka la kuteleza. Mgongoni, mistari ya kitambaa ilipishana kwenye mshono wa kati kwa upana wa punje ya mchele, kuanzia ukosini hadi kwenye upindo. Binti aliyekuwa akitusimamia aliniona nimeinama, akaniuliza kwa upole kama ningependa kuliona kwa mbele.