Nani alimpa mtoto dawa mwisho, na saa ngapi?

Mimi ni mfamasia hapa Kisumu. Asubuhi na mapema kemisti hujaa akina mama wanaompeleka mtoto kwa mlezi kabla ya kukimbilia kazini. Mama ananunua dawa ya maji, anaitia kwenye mkoba pamoja na chupa ya uji, na maagizo yanayofika kituoni ni haya tu: "Umpe kijiko kimoja mchana." Ingia kituo chochote cha kulelea watoto Nyalenda, Manyatta au Obunga, utaikuta mikoba imening'inia ukutani, na dawa imo ndani.

Watu wengi hudhani hatari iko kwa mlezi asiyejua kusoma maagizo. Mimi naiogopa zaidi ile saa mtoto anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama amempa parasetamoli alfajiri, kwa haraka akasahau kusema. Saa mbili mlezi anamgusa, anamkuta moto, anampa tena. Jioni nyanya naye anampa kijiko cha dawa ya mafua, ambayo mara nyingi ina parasetamoli ndani yake. Hakuna aliyezembea, ila ini la mtoto limebebeshwa mzigo wa watu watatu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kati ya kipimo na kipimo zipite saa nne hadi sita, na isizidi mara nne kwa saa 24. Hesabu hiyo haiwezekani kama hujui ilianzia wapi.

Ndiyo maana nawaomba walezi wawe na daftari la shilingi chache. Jina la mtoto, dawa, kiasi, saa, na aliyempa. Mama aandike ya nyumbani kabla hajaondoka, mlezi aandike ya kituoni, na jioni mama asome kabla ya kufungua chupa. Manyasi, yaani dawa za mitishamba, pia yaandikwe. Najua wengi huyaficha wakiogopa kukaripiwa na daktari, lakini aliyeshika mtoto lazima ajue kila kilichoingia tumboni. Na saa iandikwe ya Kiswahili. Bahasha ikisema "8 a.m.", nimeona mtu akaisoma saa nane, dawa ikachelewa hadi mchana. "Saa mbili asubuhi" haimchanganyi mtu.

Halafu kuna ushauri ambao walezi huupenda kuliko akina mama: dawa nyingi hazina sababu ya kufika kituoni. Chukua dawa ya malaria tunayoiita AL, ambayo huku kando ya ziwa karibu kila nyumba inaijua. Kipimo cha pili hutolewa yakipita masaa manane tangu cha kwanza. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni, mpaka vitimie vipimo sita. Mtoto akianza dawa saa nne asubuhi kliniki, cha pili ni saa kumi na mbili jioni, mikononi mwa mama. Kituo kitahusika tu ikiwa alianza mapema sana siku ile ya kwanza. Vivyo hivyo kwa dawa za kuua bakteria: mwambie daktari mapema kwamba mtoto hushinda kwa mlezi. Ikiwa ipo inayofaa ya kutwa mara mbili, atakuandikia hiyo.

Tukiwa bado kwenye AL: tembe hufuata kilo. Wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa tembe moja kila mara, wa 15 hadi chini ya 25 hupewa mbili. Umri unadanganya, watoto wawili wa miaka mitatu wanaweza kuwa kwenye vipimo tofauti, kwa hiyo mpime. Mpe dawa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, iwe maziwa au omena ya kukaanga, kwa sababu tumbo tupu huifyonza vibaya. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, rudia kipimo, kisha urudi kliniki upewe cha kufidia, maana pakiti sasa imepungua na ya mwisho itakosekana.

Dawa moja tu ningependa isikose kituoni, nayo ni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Kuhara hakungoji jioni. Soma pakiti kwanza: zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na ukikosea maji, chumvi inazidi au inakuwa hafifu. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kikombe. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki, anayopewa mtoto anayehara, ni mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, kwa hiyo hiyo ibaki nyumbani.

Vijiko vya jikoni viacheni kwa sukari. Dai sirinji ya kunyweshea dawa unaponunua. Angalia pia nguvu ya dawa: parasetamoli ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini ya matone kwa wachanga inaweza kuwa na miligramu 100 katika mililita moja tu. Ukimimina mililita 5 za matone, umempa 500. Chupa zinafanana, hata rangi.

Mtoto akae wima, dawa ipite upande wa shavu polepole. Usimbane pua, usiichanganye na chupa nzima ya maziwa ambayo hataimaliza, na usimwambie ni peremende. Kesho ataitafuta mwenyewe. Dawa ikae juu, kwenye kisanduku chenye kufuli, mbali na bati lenye joto.

Mtoto akipata degedege, akilegea asiamke, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, usimtie chochote mdomoni. Piga simu kwa mama ukiwa tayari njiani kwenda hospitali, iwe ya karibu au Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia. Beba chupa zote na lile daftari, kwa sababu daktari wa zamu atakuuliza alichopewa na saa, kabla hajaamua la kufanya.