Namba ya siri unayoitangaza hewani

Simu ninazopigiwa sana na wasimamizi wa walinzi hapa Kampala huwa hivi: "Fundi, nimebonyeza namba ile ile uliyonipa, ripita imegoma." Ripita ni kituo cha mlimani kinachopokea redio za mkononi na kurusha tena sauti zao mbali zaidi, na namba hiyo ya siri hubonyezwa kwenye redio ili kukipa amri. Mara nyingi namba haina kosa. Kidole ndicho chenye haraka.

Ukibonyeza kitufe cha kuongea, ripita huhitaji muda mfupi kutambua toni ya CTCSS (mlio wa chini redio yako inaoutuma pamoja na sauti kama kitambulisho) na kufungua njia. Ukianza tarakimu papo hapo, ya kwanza inapotea: umetuma 5417, kidhibiti, yaani kifaa kinachoendesha ripita, kimesikia 417. Bonyeza, tulia kidogo, ndipo uanze. Kila tarakimu ni milio miwili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni Hz 770 na Hz 1336. Chipu ya MT8870, iliyomo katika vidhibiti vingi, hutaka mlio udumu kama milisekunde 40, kisha kimya kifupi kabla ya mwingine. Ishara yako ikiwa na mikwaruzo, sogea mahali peupe kwanza.

Tuseme siri ni 5417 na amri 63 hupanga kikomo cha kuongea. Unatuma 5417, 63, 180, kisha nyota: kikomo ni sekunde 180. Achia kitufe, usikilize jibu. Vingi hujibu "OK" kwa Morse. Ukikosea katikati usiunganishe, anza upya. Lakini angalia, vidhibiti vingine huchukulia kuachia kitufe kuwa ndiyo ruhusa ya kutekeleza, kwa hiyo mwongozo usomwe kabla.

Sasa usalama. Namba ya siri ya pesa za simu unaiziba kwa kiganja. Hii unaitangaza hewani. Kidhibiti kinaweza kuzima milio isitoke upande wa kutuma, ila aliye karibu nawe akisikiliza masafa ya kuingilia anapata kila tarakimu. Wengine hutia D ndani ya siri, kwa kuwa simu za kawaida hazina kitufe hicho. Redio nyingi za bei nafuu zinacho, basi sioni faida kubwa. Mimi huwapa wasimamizi namba ndogo za kuwasha na kuzima tu. Ile kuu, inayobadilisha mipangilio, naiingiza kwa waya au kupitia kipokezi cha pembeni, yaani kipokezi cha pili chenye masafa yake tofauti.

Kipokezi hicho kina kazi nyingine. Dereva akikalia maikrofoni, redio yake inatuma mfululizo. Kwenye FM ishara yenye nguvu huifunika dhaifu, kwa hiyo ukiwa mbali na redio ya mkononi amri yako ya kuzima haipenyi, ila kwa kipokezi cha pembeni inapita. Bila hicho, kikomo cha muda kitamnyamazisha, lakini mtandao wenu umekwama mpaka anyanyuke.

Radi nazo, na kandokando ya Ziwa Viktoria hazikosekani. Kumbukumbu ya kidhibiti ikifutika, vingine hurudi kwenye namba ya kiwandani, iliyochapishwa kwenye mwongozo ambao yeyote anaweza kuupata. Baada ya dhoruba, jaribu hiyo kwanza. Ikikubaliwa, ibadilishe kwa waya kabla hujashuka mlimani.