Kusasisha seva kuu ya barua pepe peke yake hakutoshi

Wengi huamini kwamba seva kuu ya barua pepe ikishasasishwa, ile ya akiba inaweza kusubiri kwa kuwa haina kazi nyingi. Si kweli. Rekodi za MX, yaani orodha ya seva zinazopokea barua za kikoa chako, zinaonekana na kila mtu: seva yenye namba 10 hujaribiwa kabla ya yenye 20, lakini hakuna kinachomzuia mtu kuifuata ya 20 moja kwa moja. Watumaji wa barua taka hufanya hivyo makusudi, kwa sababu ndiyo husahaulika.

Mwaka 2019 programu ya seva za barua pepe iitwayo Exim, matoleo ya 4.87 hadi 4.91, ilikutwa na udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kama CVE-2019-10149. Seva moja tu isiyotiwa kiraka ilitosha kumfungulia mvamizi njia.

Sasisha moja baada ya nyingine, ukianza na ya akiba. Funga bandari 25 inayopokea barua, acha foleni ya barua zinazosubiri kutumwa iishe, sasisha, kisha tuma barua za majaribio ndani na nje kabla ya kugusa inayofuata. Barua hazipotei: seva inayotuma hujaribu tena, na kwa kawaida haikati tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Kosa baya zaidi ni kusasisha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) bila kuwasha upya huduma. Faili jipya liko kwenye diski, ilhali programu inaendelea na maktaba ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu. Ukiuliza toleo, utaonyeshwa jipya! Kwa hiyo, kwenye kila seva, hakikisha huduma imeanza baada ya sasisho kuwekwa.